Mfungulie Mtu wa Mita

Machi 3

Mvua imeanza leo, na paa la chumba chetu cha kazi limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Bosi aliahidi kuleta fundi. Nimeweka ndoo.

Daftari hili lilikatwa vibaya kiwandani, haliuziki. Mzee Mkato, msahihishaji mwenzangu, amenipa. Anasema mtu anayesahihisha maneno ya wenzake mwaka mzima aandike na yake mawili matatu, asije akasahau yanavyotoka. Haya, yametoka.

Machi 4

Kitabu cha mapishi, prufu ya pili, chapa ya majaribio tunayosahihisha. "Kijiko" kimechapwa "kijiti" mara nne. Chukua kijiti kimoja cha chumvi.

Machi 5

Kijiti tena. Ukurasa wa tisini.

Machi 9

Bosi aliingia chumbani meno yote nje. "Tumempata!" akasema. Tulidhani fundi wa paa. Kumbe ni Mwandishi, yule wa riwaya za kutisha ambazo watu hununua kabla wino haujakauka. Amehama kampuni yake ya zamani na kutuletea mswada mpya. Safari hii hakuna maiti zinazotembea wala nyumba zinazonong'ona. Ni riwaya ya Msoma Mita.

"Kitisho cha kweli," bosi akasema, anasugua viganja. "Lazima kitoke kabla mvua hazijaisha. Watu wakifungiwa ndani wanasoma."

Sijui namwandikia nani hapa, lakini kazi imenizoesha kumfikiria msomaji, basi nieleze. Miaka kumi na sita iliyopita kulikuwa na mwanamume aliyevaa sare ya kampuni ya umeme, daftari mkononi, kalamu nyuma ya sikio. Alibisha hodi mchana kweupe. Watu walimfungulia kwa sababu mtu wa mita hufunguliwa. Aliwaua saba. Magazeti yakampa jina, jina likamkaa, na sasa yuko gerezani maisha akipokea barua za mashabiki. Kila mtu anamjua. Wanajua alikuwa na sauti ya upole, wanajua aliisoma mita kweli na kuandika tarakimu sahihi kabla ya kuondoka. Waulize hao hao wakutajie jina la mmoja tu kati ya wale saba. Wataangalia dari.

Wa nne alikuwa mdogo wangu, miaka kumi na saba. Hapa kazini hakuna anayejua, na sikusudii wajue. Sitaki mengi kwenye kitabu hicho. Nataka tu mtoto wa watu asichekwe.

Machi 10

Kichwa kinaniuma. Ndoo imejaa mara mbili.

Machi 12

Wakati wa chakula cha mchana mchora jalada, tunayemwita Rangi, alikuwa akihesabu wauaji kwa vidole. Anawajua wote, wa kweli na wa kutungwa, nani aliua wangapi na kwa kitu gani. Anawataja mdomo umejaa mkate, kama mtu anayetaja wachezaji wa mpira.

"Wa hadithi wana vinyago na mapanga," akasema. "Wa kweli wana vitambulisho. Ndiyo maana wa hadithi nalala nao vizuri tu."

"Na huyu wetu?" bosi akamuuliza.

"Huyu wetu? Huyu wa daraja la kwanza, bosi! Hodi, samahani kwa usumbufu, na kalamu sikioni!"

Wakacheka. Nami nikacheka, maana asiyecheka huulizwa ana nini. Rangi simpendi, na leo nimejua kwa nini.

Machi 16

Tumeanza mswada. Kwetu prufu inasomwa na watu wawili. Mmoja anasoma mswada kwa sauti, na kila alama anaitaja; mwingine anafuata kwenye prufu, kalamu nyekundu mkononi. Tunapeana sura kwa zamu. Za witiri anasoma Mzee Mkato, za shufwa nasoma mimi. Amefanya kazi hii miaka thelathini na minne, ana miezi mitatu tu astaafu, na nasikia hata nyumbani akimwita mkewe anasema "mama mkato njoo".

Sheria yetu ni moja, na yeye ndiye aliyenifundisha: asili, yaani mswada, ndiyo bwana. Prufu ikitofautiana na asili, prufu ndiyo yenye kosa. Kama maneno yenyewe ni ya uongo, hilo si letu.

Sura ya kwanza ni utoto wa muuaji. Kurasa kumi na saba. Alifiwa na mbwa.

Machi 18

Sura ya pili na ya tatu. Waliokufa wamepewa mistari mitatu kila mmoja, halafu kurasa za damu. Mita imepewa ukurasa mzima.

Machi 20

Nimekuta mwavuli nyuma ya mlango wetu nyumbani, mweusi, mpini wa mbao uliochongwa kichwa cha bata.

"Wa nani, mama?"

"Wa jirani."

Kisha akaniuliza tunasoma nini siku hizi. Nikamwambia mapishi.

Machi 24

Leo sura ya nne. Sura ya shufwa.

Nilijua itakuja. Nilijiambia nitaisoma kama risiti, neno na alama, neno na alama. Mvua ilipiga bati mpaka ikabidi nipaze sauti. Mzee Mkato aliinama juu ya prufu, miwani puani.

Nikasoma: "Mlango ukabishwa mara tatu nukta. Msichana akakiona kikaratasi alichoachiwa mezani na dada yake nukta. Fungua nukuu. Mfungulie mtu wa mita nukta. Nimetoka kidogo mkato usinisubiri nukta. Funga nukuu."

Hapo sauti ikakatika. Haikukatika kwa kulia. Ilikatika kwa sababu kikaratasi kile hakikuwahi kuandikwa na gazeti lolote. Hakikutajwa mahakamani. Nilikiandika mimi, kwa mkono wangu, na siku ile niliporudi nyumbani hakikuwepo mezani. Niliona wazi kwamba yule mtu ameondoka nacho, maana alikuwa na tabia ya kuchukua vitu vidogo. Kwa hiyo walijua watu wawili tu duniani, mimi na yeye. Na sasa Mwandishi.

"Umeruka alama?" Mzee Mkato akauliza bila kuinua kichwa.

"Hapana."

"Basi endelea, binti yangu."

Nikaendelea. "Dada mtu alikuwa amekwenda kwa mwanamume nukta. Msichana akacheka mkato akafungua mlango bila kuuliza kitu nukta. Aya mpya."

Kurasa tano zilizofuata sitazinakili hapa. Nilizisoma zote, na alama zake zote. Mzee akapata makosa mawili ya herufi na nafasi moja iliyozidi. Akaniambia nimesoma vizuri sana leo, taratibu, bila haraka.

Machi 25

Sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Machi 27

Niandike, yaishe.

Siku ile ilikuwa zamu yangu kubaki nyumbani kumsubiri mtu wa mita. Kampuni ilikuwa imetuonya mara mbili kwamba asipoingia kusoma watakata umeme. Lakini nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kazi asubuhi hiyo hiyo, hapa hapa, chumba hiki hiki, na ndoo naamini ni ile ile. Mama alikuwa kazini kwake. Mdogo wangu akasema usiku uliotangulia kwamba atakosa shule siku moja, dunia haitaanguka. Nilipotoka alikuwa amelala, nikamwachia kikaratasi. Ninayokumbuka ni maneno manne. Mfungulie mtu wa mita. Nimeyaona kwenye kuta, kwenye sahani, kwenye prufu za vitabu vya hesabu.

Kazi nilipata. Nilianza baada ya mazishi.

Mahakamani nilikaa nyuma. Kitambulisho cha bandia cha yule mtu kilikuwa na alama za vidole vya mdogo wangu, mbele na nyuma. Mwanasheria akasema huenda alimpokonya walipokuwa wakipambana. Mkubwa wa kampuni ya umeme akaapa kwamba kitambulisho kile kilichapwa vizuri kuliko vyao vya kweli, hakikuwa na kosa hata moja. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Nilikuwa na miezi minne kazini, na Mungu anisamehe, nami nilitaka kukiona.

Basi Mwandishi amekwenda gerezani. Amekaa na yule mtu, amecheka naye, na yule mtu amemtolea maneno yangu mfukoni kama chenji. 

Machi 30

Sura ya kumi. Msoma Mita anapenda maua.

Aprili 2

Mwandishi alikuja kutia saini prufu ya pili. Ni mtu mfupi, mpole, mikono laini. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani mwangu na kumpa pembe kabisa. Aliingia amelowa chapachapa.

"Mwandishi mkubwa, mvua hii bila mwavuli?" bosi akamtania.

"Nimeusahau kwa mama mmoja. Wiki mbili sasa, nikienda nausahau tena. Wa kichwa cha bata, zawadi ya mke wangu, ataniua kabla ya Msoma Mita!"

Wote wakacheka. Mimi nikashika meza.

Bosi alipotoka kufuata karatasi, nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya kazi tu, "Kile kikaratasi cha sura ya nne, umekitoa wapi?"

"Ah, umekiona! Ni cha kweli kile. Amenionyesha mama mzazi wa marehemu. Mama mzuri sana. Kila Alhamisi nakwenda, ananipa chai, ananisimulia mpaka magoti yanamuuma kwa kukaa. Maskini, hana mwingine wa kumwambia. Anaishi na binti yake mkubwa, lakini huyo binti hataki hata jina la marehemu litajwe mle ndani. Mtu wa ajabu. Ndiye niliyemtia kitabuni."

"Na huyo dada alikwenda kwa mwanamume kweli?"

"Hapana, alikwenda kuomba kazi. Hapo nimetia chumvi." Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu. "Dada aliyekwenda kuomba kazi, nani atamsoma?"

Akatia saini kila ukurasa. Ana saini nzuri.

Nyumbani mwavuli ulikuwa bado nyuma ya mlango. Nikautoa nje, nikauacha mvuani umefungwa. Mama aliniona. Tukala.

Aprili 3

Hatusemi.

Aprili 4

Mama ameuingiza mwavuli ndani, ameukausha.

Aprili 6

Tumesema juu ya sabuni.

Aprili 7

Rangi ametuonyesha jalada. Msichana amesimama mlangoni anacheka, nyuma yake kivuli chenye kalamu sikioni. Bosi amelibusu.

Aprili 9

Mto umefunika barabara, bosi ametutangazia tusije. Kwa hiyo nilikuwa nyumbani siku ya Alhamisi, jambo ambalo halijatokea tangu sijui lini. Saa nne nikamwona mama anaweka vikombe viwili mezani. Cha pili hakikuwa changu.

"Leo mgeni wako hatafika, mama," nikasema. "Barabara imekatika."

Hakushtuka. Akakaa, akayakunja magoti yake kwa mikono, moja baada ya jingine.

"Umemjua lini?"

"Amekuja kazini. Kitabu chake nakisoma mimi. Sio mapishi."

"Nilijua sio mapishi. Mapishi huwa unacheka."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo, na sauti ikapanda, mimi ambaye sijawahi kumpandishia mama sauti. Nikamwambia amemuuza mtoto wake kwa mtu wa kuuza damu. Nikamwambia kitabuni wanamcheka. Nikamwambia na mimi nimefanywa malaya kwa ajili ya vikombe viwili vya chai.

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Miaka kumi na sita, mwanangu. Picha zake umezifungia sandukuni. Nikitaja jina lake unainuka kuosha vyombo. Vyombo vya nyumba hii ni visafi kuliko vya hospitali. Polisi waliniuliza saa ngapi na mlango upi. Magazeti yakaniuliza najisikiaje. Huyu alikuja, akakaa hapo, akaniuliza, alikuwa mtoto wa namna gani? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata wewe."

"Mimi nilimjua, mama!"

"Ulimjua. Lakini hukuniuliza."

Nikakisogeza kile kikombe cha pili ukingoni. 

"Na kikaratasi?" nikauliza mwishoni.

"Kipo."

"Nilidhani alikichukua yule mtu."

"Nilikichukua mimi. Nilifika kabla yako, kabla ya polisi. Nikaona mwandiko wako, nikasema watakuja kumtia makosani huyu niliyebaki naye. Nikakitia kifuani."

"Miaka yote hii umejua kwamba ni mimi niliyemwambia afungue?"

"Nimejua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ukikiona tena utakufa na wewe. Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani hujui."

Akatoa bahasha chini ya godoro. Karatasi imekuwa ya njano, mikunjo yake imeungwa kwa utepe wa gundi. Nikaona mwandiko wangu wa zamani, wa haraka, wa kuchelewa basi. Ulisema hivi:

Mfungulie mtu wa mita. Ila kwanza muulize kitambulisho, ukishike mkononi, ukisome. Nimekwenda kwenye usaili. Niombee.

Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa mdogo wangu. Sikuwa nikijua kwamba aliandika kitu. Huo sitaunakili hapa leo.

Nilisoma mara tatu. Nimesahihisha vitabu vya watu mia nne kwa uchache, na andiko langu mwenyewe nimelikumbuka nusu. Nimejitesa kwa nusu hiyo tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Halafu vidole. Alama za vidole vyake, mbele na nyuma ya kitambulisho. Hakumpokonya mtu kitu. Nilimwambia aombe, aliomba. Nilimwambia akishike, alikishika, akakigeuza, akakisoma pande zote mbili. Hakikuwa na kosa hata moja. Kisha akafungua, kama nilivyomwagiza.

Nilidhani nitashukuru. Nilikuwa nimebeba hatia moja, nikaitua, na chini yake hapakuwa na kitu chochote, shimo tu. Afadhali ile hatia, angalau niliijua. Nikamchukia mama kwa saa nzima, kwa kunificha karatasi ambayo ingenipunguzia. Halafu nikaona amelala kwenye kiti, mdomo wazi, mdogo kama mtoto, nikainuka. Nikaviosha vile vikombe viwili ingawa havikuwa vimetumika.

Kuna mwingine wa kumchukia. Mwandishi amekisoma kikaratasi chote. Ameona kitambulisho, ameona ukishike ukisome. Akakata, akaweka kicheko.

Aprili 14

Prufu ya mwisho. Hii Mwandishi haioni tena, ameshatia saini ya pili. Inatoka kwetu inakwenda kwenye mitambo.

Nilipofika sura ya nne nikachukua kalamu nyekundu. Kwenye kikaratasi nikafuta "Nimetoka kidogo, usinisubiri", nikaandika ukingoni maneno yangu yalivyo. Nikafuta mwanamume, nikaweka usaili. Nikafuta "akacheka, akafungua mlango bila kuuliza kitu". Nikaandika: "Msichana akaomba kitambulisho, akakishika, akakigeuza, akakisoma. Hakikuwa na kosa hata moja. Akafungua mlango."

Kila prufu ya mwisho hutiwa saini na wote wawili. Mzee Mkato akafika ukurasa ule, kalamu ikasimama. Katika miaka kumi na sita hajawahi kuniona nikigusa sentensi ya mtu.

"Hii nini?"

"Kulingana na asili, mzee."

"Asili hii hapa." Akagonga mswada kwa kidole.

Nikamtolea bahasha. Akasoma mwandiko wangu, ambao anaujua kuliko wa wanawe. Akasoma na wa penseli. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Na hii ya kukishika na kukisoma?"

"Mahakamani. Vidole vyake."

"Siku ile uliyosoma sura hii," akasema, "nilikwambia umesoma vizuri."

"Uliniambia."

"Nisamehe, binti yangu."

Akatia saini. Halafu akaongeza mkato mmoja mahali nilipousahau.

Aprili 15

Imekwenda mitamboni.

Aprili 23

Mvua, mvua, mvua. Karatasi zinavimba.

Mei 2

Kitabu kimetoka saa mbili, Mwandishi ameingia saa nne. Upole wote ameuacha nje. "Nani amechezea sura yangu?" Bosi akatuita, jasho linamtoka kwapani. Nilifungua mdomo, Mzee Mkato akanitangulia.

"Tumesahihisha kulingana na asili."

"Asili ni mimi!" Mwandishi akapiga meza.

Nikasema, "Kikaratasi nilikiandika mimi. Yule dada wa ajabu ndiye mimi."

 Rangi, aliyekuwa mlangoni na majalada yake, akaziba mdomo. Mwandishi akanitazama, na nadhani nilimwona akianza kufikiri atanitumia wapi. Bosi akasema pole, pole sana, kwa kweli pole, na kwamba anatuandikia barua za kutuachisha kazi sote wawili. Mzee amebakiza wiki nne astaafu.

Mei 4

Rangi amenifuata ngazini. Ameniambia anaishi peke yake, mlango wake una komeo tatu, na wale wauaji wote aliwakariri ili akimwona mmoja amtambue. "Nilidhani ukiwajua wote hawakupati," akasema. Macho yalikuwa mekundu. Nilimshika mkono. Nilikuwa nimemkosea, kwa kiasi.

Mei 11

Gazeti limesifu kitabu. Limesema damu yote iliyomo ni ya kawaida, lakini kuna mahali pamoja, sura ya nne, ambapo msomaji anaganda: msichana anafanya kila alichotakiwa kufanya. "Hakikuwa na kosa hata moja" imeandikwa kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa.

Mei 13

Kitabu kimeisha madukani. Bosi amechana barua zetu mbele yetu, anacheka, anasema alikuwa akitania. Fundi wa paa ameitwa.

Mei 15

Mwandishi redioni. Mtangazaji akamuuliza ile sentensi aliipataje. Akasema ilimjia alfajiri moja, mvua ikinyesha, machozi yakamtoka. Mama alizima redio kabla sijakifikia kitufe.

Mei 21

Alhamisi. Mwandishi haji tena kwa mama, kitabu kimeisha na yeye ameisha. Mwavuli ametuma mtu aufuate. Lakini mama bado anaweka vikombe viwili. Niliomba ruhusa ya nusu siku, nikaja nikakaa mbele ya kile cha pili.

 Chai ilipoa. Kisha nikasema, "Mama, alikuwa mtoto wa namna gani?"

Alinitazama kuona kama nitainuka. Sikuinuka. Akaanza na siku aliyomkata paka masharubu.

Mei 28

Mvua zimekatika. Mzee Mkato ameaga leo. Nilimpa kalamu nyekundu, akasema atasahihishia magazeti.

Nikarudi mapema kwa mama. Picha tulikuwa tumezitoa sandukuni, ziko mezani. Mama alikuwa katikati ya hadithi, tunacheka mpaka magoti yake yakamuuma, ndipo ikaja hodi. Mara tatu.

"Nani?"

"Mtu wa mita."

Mama akaacha kucheka. Nikaenda hadi mlangoni, nikasimama nyuma yake. "Kitambulisho, tafadhali."

Nje akashusha pumzi. Ni mtu mzima, sauti ya kuchoka. "Na nyinyi mmekisoma kile kitabu, dada? Mtaa mzima wananiuliza. Kile kitabu kimeniharibia kazi kabisa." Akakipitisha kitambulisho chini ya mlango.

Nikakishika. Nikasikia bahasha kifuani, na mle ndani maneno ya penseli ya mdogo wangu, ambayo sikuyatia kitabuni na gazeti halitayapata: Nimekuelewa, bibi kitambulisho. Usirudi bila kazi.

Nikakigeuza, nikakisoma pande zote mbili, jina, namba, tarehe, kila mkato na kila nukta, kama ninavyolipwa kusoma. Mama alikuwa amesimama, ameshika meza, ananitazama.

Hakikuwa na kosa hata moja. Nikamfungulia.